Je, niwaoneshe wanafunzi filamu ambayo watengenezaji wake walipiga baruti?

"Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, shule yetu iko karibu na pwani, na ndimi mlezi wa klabu ya mazingira. Rafiki yangu alinipa filamu ya zamani ya Kifaransa, Le Monde du silence, akisema ndiyo iliyomfanya aipende bahari. Nimeitazama mara mbili. Picha za chini ya maji ni nzuri mno, lakini humo ndani wanalipua mwamba kwa baruti ili wahesabu samaki, na mahali pengine wanawakatakata papa kwa hasira. Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wavuvi. Naogopa watasema: kumbe hata wataalamu wa Ulaya walipiga, kwa nini baba zetu wakamatwe? Wengine tayari wanaamini kwamba bomu moja halina neno, kwamba samaki hurudi baada ya wiki chache, na kwamba tumbawe likivunjika huota tena kama muhogo. Nikikate kile kipande? Niiache filamu kabisa? Na kuna jambo linaninyima usingizi: mwanafunzi wa kidato cha pili ameniambia kwa siri kwamba nyumbani kwao kuna 'vitu vya kaka' vimefichwa stoo ya uani. Nahisi ni baruti."

Mwalimu, nianze na mwisho wa barua yako. Filamu inaweza kusubiri, hilo la stoo haliwezi.

Usiende kuviangalia vitu hivyo. Usimtume mtoto akaviangalie tena, wala usimwombe akupigie picha. Vilipuzi vilivyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu wa pwani yetu huharibika, na baadhi yake vikiharibika huwa hatari zaidi kuliko vilipokuwa vipya: kuguswa tu, kuangushwa au kusogezwa kunatosha. Mwone mkuu wako wa shule leo, ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu unaoweza kusambazwa. Kisha mwoneni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na pamoja naye mfike kwa mkuu wa kituo cha polisi. Elezeni tangu mwanzo kwamba habari imetoka kwa mtoto, na kwamba jina lake lisitajwe nyumbani kwao wala mtaani. Mkikwama, namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, hupokelewa bila malipo. Yule mwanafunzi mwambie ukweli: alifanya vyema kusema, na wewe huwezi kunyamaza kwa kuwa yeye na wadogo zake wanalala hatua chache kutoka kwenye stoo ile. Usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza. Na usioneshe filamu yenye mlipuko mbele yake mpaka jambo hili limeshughulikiwa. Macho ya wenzake yakimgeukia darasani, ataona umemtangaza.

Sasa filamu.

Nafurahi imekufikia, maana siku hizi ni wachache wanaoitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ilitoka mwaka 1956. Waongozaji wake ni wawili: Jacques-Yves Cousteau, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, na Louis Malle, kijana wa miaka 23 ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waongozaji wakubwa wa filamu nchini humo. Mwaka huohuo ilipata tuzo kuu ya tamasha la Cannes, ya kwanza kwa filamu ya hali halisi, na ikapita karibu nusu karne, hadi 2004, ndipo filamu nyingine ya aina hiyo ikaipata. Mwaka 1957 ikachukua na Oscar. Watu wengi wa wakati ule hawakuwa wamewahi kuona matumbawe kwa rangi zake, samaki akiwa kwao, mtu akiogelea katikati yao bila kamba ya kumvuta juu. Kilichowezesha hayo ni mtungi wa hewa wa kubeba mgongoni, ambao Cousteau na mhandisi Émile Gagnan waliubuni mwaka 1943. Kiushike kifaa hicho akilini, nitakirudia.

Waambie pia wanafunzi wako kwamba sehemu nzuri za filamu hii zilipigwa katika Bahari ya Hindi hii hii. Yule chewa mkubwa waliyempa jina la Jojo, aliyewazoea wapiga mbizi hadi wakalazimika kumfungia kizimbani wakati wa kuwalisha wengine, alikuwa Assumption, kisiwa kidogo cha Shelisheli. Ni upande wetu wa bahari. Mtoto wa Sahare au Tongoni atawatambua wengi wa samaki wale kwa majina ya nyumbani kabla msimuliaji hajafungua kinywa.

Hofu yako ya kwanza ni ile hoja ya "hata wataalamu walipiga". Usiikwepe, kwa sababu ni kweli walipiga. Msimuliaji mwenyewe anakiri kwamba kuvua kwa baruti ni uharibifu, halafu anajitetea kuwa kwa mwanasayansi hiyo ndiyo njia pekee ya kupata hesabu ya viumbe wote wa mahali pamoja. Tunaoneshwa samaki waliokusanywa wakipangwa na kutambuliwa, na bunju akiwa amevimba anakufa. Katika miaka ile wanasayansi wengi waliwakusanya samaki wa miamba kwa sumu au kwa vilipuzi, na sehemu ya elimu tuliyo nayo juu ya spishi za samaki ilipatikana hivyo. Hatuna sababu ya kuwaficha watoto jambo hilo.

Lakini utetezi wa "njia pekee" haukuwa sahihi hata wakati huo. Mwaka 1954 mtafiti Vernon Brock alichapisha maelezo ya njia aliyoitumia Hawaii: mpiga mbizi anafuata mstari uliopimwa juu ya mwamba, anahesabu kwa macho samaki anaowaona pande zote mbili, anaandika, anaondoka. Samaki wote wanabaki hai. Kilichohitajika ni mtu kuweza kukaa chini ya maji kwa utulivu kwa muda, na hicho ndicho hasa mtungi wa Cousteau ulichokiwezesha. Waliokuwa ndani ya Calypso, merikebu ya Cousteau, walikuwa wamebeba mgongoni kifaa ambacho kingewaepusha na baruti. Mimi naona hapa ndipo filamu hii inapofundisha kuliko mahali pengine popote, ingawa waliotengeneza hawakukusudia. Mpaka leo tunahesabu samaki kwa njia iliyotokana na ile ya Brock, kwa utepe wa mita 50 na kibao cha kuandikia majini. Na si wanasayansi peke yao: programu ya hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani iliyoanza hapa Tanga mwaka 1994 iliwafundisha wanavijiji kupima miamba yao wenyewe. Mwanafunzi akikuuliza kwa nini baba yake akamatwe wakati Mzungu hakukamatwa, mwambie kwamba Mzungu naye alikosea, kwamba njia nyingine ilikuwepo, na kwamba babu zake mwenyewe wa pwani hii walivua karne nyingi kwa dema, mshipi na wavu bila kuuvunja mwamba.

Sasa tuje kwenye "bomu moja halina neno." Hapa inabidi tueleze kinachotokea chini, maana mtu aliye juu ya ngalawa haoni.

Maji hayabonyei kama hewa. Mlipuko ukitokea ndani yake, msukumo husafiri kwa mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi ya sauti hewani, na hufika ukiwa bado na nguvu. Mwili wa samaki kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo msukumo hupita tu. Unapokutana na hewa ndipo balaa huanza. Changu, chewa na samaki wengi wa miambani wana kibofu cha hewa tumboni, ndicho kinachowawezesha kuelea kwenye kina wanachotaka bila kuchoka. Kibofu hicho hubanwa ghafla, kisha hutanuka ghafla, kikapasuka na kuchana ini, figo na mishipa ya damu iliyo jirani. Ndiyo sababu mama zetu sokoni humtambua samaki wa baruti akishapasuliwa: damu imevilia tumboni, nyama imelegea, mara nyingine uti wa mgongo umevunjika na hali nje hana jeraha lolote.

Na samaki aliyepasuka kibofu amepoteza kile kilichokuwa kikimwelesha. Huzama. Wale weupe wanaoelea juu, ambao mvuvi huwaona na kuwahesabu kuwa ndio mavuno, ni sehemu tu ya waliokufa. Wengine wako chini, na mzamiaji huokota awezao. Waliobaki hunaswa kwenye mapango ya mwamba au huchukuliwa na mkondo. Samaki wadogo huumia kuliko wakubwa kwa mlipuko uleule, na baruti haina jicho la wavu la kumwachia mdogo apite. Kwa hiyo anayesema "tulipata kapu mbili tu, hatukuharibu" anasema kweli kuhusu kapu. Alichokiua hakijui, kwa kuwa hakukiona.

Kuhusu samaki kurudi baada ya wiki chache, usiwakatalie wanafunzi moja kwa moja, maana wavuvi wameliona jambo hilo kwa macho yao. Mwamba uliovunjwa huota mwani haraka, na pono na kangaja, walao mwani, huja kula. Papa na taa, ambao hawana kibofu cha hewa, huweza kunusurika na kuja kula waliozama. Anayetazama kutoka juu ataapa kwamba samaki wamerudi. Wasiorudi ni wale wanaoishi ndani ya matawi ya matumbawe, wanaojificha humo wakiwa makinda, wanaowindwa na chewa humohumo. Chewa hana cha kuwinda, naye huhama. Mwamba unabaki na samaki, lakini si wale waliokuwa wakijaza dema.

Hilo la muhogo limenifurahisha, kwa sababu mtoto aliyelisema ametazama vizuri. Matumbawe ya matawi kweli huota kutokana na kipande kilichovunjika, na hiyo ni mojawapo ya njia zao za kuzaliana. Mwulize tu: ukikata shina la muhogo ukalitupa juu ya kokoto zinazoviringika kila siku, litaota? Pingili inahitaji udongo uliotulia. Tumbawe nalo linahitaji mahali pagumu pa kushika. Baruti haivunji tawi moja; inausaga mwamba kuwa vifusi. Vifusi hivyo husukumwa na mawimbi, hasa wakati wa kusi, vikaviringika huku na huku, vikakwangua na kufunika kila tumbawe changa linalojaribu kushika. Tafiti zilizofanyika Ufilipino na Indonesia zimeonesha tofauti hiyo waziwazi. Shimo la mlipuko mmoja, likizungukwa na matumbawe mazima, linaweza kuanza kuziba ndani ya miaka mitano hivi. Eneo lililopigwa tena na tena hadi likawa uwanja wa vifusi hukaa miaka mingi bila dalili ya kupona. Hata pale vifusi vikitulia, kasi ya ukuaji ni ndogo: matumbawe ya matawi huweza kuongezeka sentimita 10 hivi kwa mwaka, lakini yale makubwa ya mviringo, yanayojenga mwamba wenyewe, huongezeka sentimita moja tu. Mwamba wa urefu wa mtu mzima ulianza kukua kabla babu yake babu hajazaliwa. Na siku hizi mwamba haupumziki hata ukiacha kupigwa: joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika ukanda huu, na miamba iliyokuwa imeshavunjwa ndiyo iliyokuwa na nafasi ndogo ya kujirudisha.

Kwa hiyo "bomu moja" lina ukweli wake ikiwa ni moja kweli. Tatizo la Tanga halikuwahi kuwa moja. Baruti imepigwa katika pwani ya nchi yetu tangu miaka ya 1960. Sheria ya Uvuvi ya 1970 ikaipiga marufuku, ile ya 2003 ikakaza, na bado kuna miaka milio ilisikika mchana kweupe kutoka ufukweni. Ilipungua sana katikati ya miaka ya 2010, serikali ilipounganisha taasisi zake kadhaa zifanye kazi pamoja, za uvuvi, polisi na nyinginezo, badala ya kumwachia afisa uvuvi mmoja mwenye boti isiyo na mafuta. Nalitaja hili ili usijibebeshe mzigo usio wako. Filamu moja darasani haitazuia baruti. Vijana wanaoirusha mara nyingi wanafanya kazi ya mtu mwingine mwenye chombo, mwenye fedha na mwenye mnunuzi. Watoto wa kidato cha pili hawana uwezo juu ya huyo. Unachoweza kuwapa ni kujua kinachotokea chini, na kujua hivyo kuna faida yake hata kama haionekani mwaka huu.

Huenda pia unajiuliza kama Cousteau alikuwa mnafiki. Sidhani. Mwaka 1960, miaka minne baada ya filamu, alisimama hadharani kupinga mpango wa kutupa taka za mionzi katika Bahari ya Mediterania. Mwaka 1973 alianzisha jumuiya ya kuhifadhi bahari yenye jina lake. Alipokuwa mzee alipigania Antaktika isichimbwe madini, na itifaki ya kuilinda ikatiwa saini Madrid mwaka 1991. Alifariki 1997. Mtu wa 1956 na mtu wa 1991 ni yuleyule, na kilichombadilisha kwa sehemu kubwa ni kurudi kwenye maji yaleyale mwaka baada ya mwaka akiona yanavyopungukiwa. Wanafunzi wako wakilielewa hilo, wataelewa pia kwamba mvuvi aliyewahi kupiga anaweza kuacha, na wapo wengi pwani hii walioacha.

Basi, ukate au usikate? Wapo walimu wenzako watakaokushauri ukate, na hoja yao ina uzito: mtoto hukumbuka picha kuliko maelezo, na mlipuko ni picha yenye nguvu. Mimi nasema usiukate mlipuko. Ukiukata utabaki na filamu ya samaki wazuri na watu mashujaa, na siku mwanafunzi ataiona nzima kwenye simu atajua mwalimu alimficha. Ioneshe, kisha simamisha picha hapohapo, washa taa, wape muda. Waulize: baada ya hesabu ile kukamilika, orodha yao inaeleza nini juu ya mwamba huo siku iliyofuata? Waache wabishane. Ukimaliza ndipo uwachoree kibofu cha hewa ubaoni.

Kile kipande cha papa ni habari nyingine. Mtoto wa nyangumi anakatwa na panga linaloisukuma merikebu, wanammaliza ili asiteseke, papa wanakuja kumla, na mabaharia wanawavuta papa sitahani na kuwapiga kwa shoka wakilipiza kisasi kwa jambo ambalo chombo chao wenyewe ndicho kilichosababisha. Ni damu nyingi, na haina elimu ambayo huwezi kuitoa kwa njia nyingine. Kwa kidato cha kwanza na cha pili kiruke, lakini uwaambie umekiruka na kwa nini. Kwa wakubwa, kioneshe ukiwa na la kusema juu ya papa: kwamba huchelewa kukomaa, huzaa watoto wachache, na kwamba pwani yetu imewavua kuliko wanavyoweza kuzaliana.

Filamu ina dakika 86. Igawe vipindi viwili, na usitegemee msimuliaji. Punguza sauti utafsiri mwenyewe. Mwombe mzee mmoja wa dema au mjumbe wa BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi, aje kukaa na darasa siku ya pili, aeleze sehemu alizokuwa akitega zamani na zilivyo leo. Watoto watamsikiliza yeye kuliko mimi na wewe. Ukimjua mtu aliyepoteza mkono kwa baruti, usimwite kama kielelezo. Akitaka mwenyewe kuzungumza, atakwambia.

Kisha, kama mkuu wa shule na wazazi wataridhia kwa maandishi, wapeleke mwambani kwenye bamvua, maji yakiwa yametoka kabisa. Upande wa Kigombe mtakuwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009, kwa hiyo ombeni kibali ofisini kwao mapema na mwende na afisa wao au afisa uvuvi, si peke yenu. Watoto wavae viatu, wabaki pale maji yasipopita magoti, na muanze kurudi kabla maji hayajaanza kujaa. Mwombeni afisa awaoneshe sehemu iliyopigwa zamani na sehemu ambayo haikupigwa. Wape kila kundi kamba ya urefu mmoja na dakika zilezile, wahesabu kwa macho wanachokiona pande zote mbili za kamba, waandike majina kwa Kiswahili cha kwao, wasiokote kitu. Ukipata zile orodha mbili, nitumie, nitakusaidia kuzisoma.